Mtandio Ulivyoingia Katika Simu

Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona jambo nitakalolizungumza leo kuwa ni la kitoto, lisilostahili kuchukua nafasi katika gazeti. Nalo ni vile vijipicha vidogo vidogo ambavyo watu huvitia katika ujumbe wa simu: sura ichekayo, sura iliayo, moyo, ua, ngumi. Wajapani waliovianzisha huviita emoji, na jina hilo ndilo lililoenea duniani. Lakini kitu kipitacho mikononi mwa mamilioni ya watu kila uchao hakiwi cha kitoto, hasa iwapo baadhi ya watu wamechorwa humo na wengine hawamo.

Mkusanyiko uliovuma zaidi hapo mwanzo ulikuwa na vijipicha 176, uliotengenezwa mwaka wa 1999 na Shigetaka Kurita wa kampuni ya simu ya NTT DoCoMo. Mwaka wa 2010 emoji ziliingizwa katika utaratibu wa Unicode, na yafaa nieleze Unicode ni nini, maana hapo ndipo penye mzizi wa maneno yote haya. Ni jumuiya iliyoandikishwa California mwaka wa 1991 ili kila herufi ya kila lugha ipewe namba yake moja inayofahamika na kompyuta zote. Kwa namba hizo, barua ya Kiarabu iliyoandikwa Mombasa husomeka Maskati bila ya alifu kugeuka kimraba kitupu. Wenye kura humo aghalabu ni makampuni makubwa kama vile Apple, Google na Microsoft, ingawa kwa miaka kadhaa Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini ya Oman nayo ilikuwa mwanachama mwenye kura. Sijui ni wangapi katika jamaa zetu wa huko walioijua habari hii!

Sasa, walipochorwa watu, walichorwa watu gani? Katika simu nyingi walikuwa weupe au wa rangi ya manjano. Mwanamume mwenye kilemba alikuwamo tangu mwaka huo wa 2010. Mtu mweusi ilibidi angoje.

Aliyepigania hilo mapema ni Katrina Parrott, mwanamke Mmarekani Mweusi wa Houston, ambaye binti yake alimwambia kuwa angependa kupeleka kijipicha kinachofanana naye. Mama akakaa akatengeneza vya kwake, akaviuza mwaka wa 2013, kisha akaipelekea Unicode fikira yake. Mwaka wa 2015 Unicode ikaleta rangi tano za ngozi. Vipimo vyenyewe vilitolewa katika kazi ya Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi, ambaye mwaka wa 1975 aliwagawanya watu kwa jinsi ngozi zao zinavyopokea jua. Na mama yule? Makampuni yalitia rangi hizo katika simu zao, biashara yake ikadidimia. Mwaka wa 2020 aliishtaki Apple, na kesi ikatupwa, kwa kuwa sheria ya hakimiliki huilinda picha iliyochorwa wala haiilindi fikira iliyoizaa. Sheria ndivyo isemavyo. Lakini mtu huweza kushindwa kortini na bado watu wakajua ni nani aliyebisha hodi mwanzo.

Mwaka huo huo wa 2015 viliingia msikiti, Al-Kaaba na tasbihi. Waislamu wengi walifurahi, na haki yao. Hata hivyo, mwanamke aendaye katika msikiti huo hakuwamo. Msikiti ulimtangulia kwa miaka miwili.

Aliyeliona pengo hilo ni Rayouf Alhumedhi, msichana wa Kisaudia aliyekuwa akikaa Berlin, mwenye umri wa miaka 15. Yeye na rafiki zake walikuwa na kikundi cha mazungumzo katika simu, wakataka kila mmoja awekewe kijipicha chake badala ya jina. Wenzake wakapata vyao. Yeye, mvaa mtandio, hakuona kinachomfaa. Akawaandikia Apple, asijibiwe. Wengi wetu hapo tungalisema, "Ndiyo kawaida yao," tukaliacha. Yeye aliposikia kwamba mtu yeyote huweza kupeleka ombi kwa Unicode, alikaa akaliandika mwaka wa 2016, na watu waliozoea mambo hayo wakamsaidia kulitengeneza. Alieleza humo kwamba wanawake Waislamu wapatao milioni 550 hujistahi kwa vazi hilo, na akaongeza hoja ya busara: mtandio si wa Waislamu peke yao, kwani wako Mayahudi na Wakristo wajifunikao vichwa vilevile. Ombi likakubaliwa, na mwaka wa 2017 kijipicha kikatoka kwa jina la "mtu mwenye mtandio", pasi na kutaja dini. Hata bibi wa Kilifi aliyejifunga leso kichwani akitaka atakitumia.

Wako waliopinga, wakidai kwamba mtandio ni alama ya mwanamke kulazimishwa. Binti alijibu kwamba kwake yeye ni uhuru, kwa kuwa ndiye mwenye kuamua ni nini afunike. Na upande wetu yuko atakayesema kuwa hizi ni suwari za viumbe, na jambo hilo wanazuoni wamelijadili tangu zamani. Si kazi ya mwandishi wa gazeti kulitolea fatwa. Nisemalo ni kwamba picha zimekwisha kuwamo, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wachoraji wa California hawakumchukia mwanamke mwenye mtandio. Hawakumkumbuka tu, kwa kuwa mezani pao hakuwapo wa kuwakumbusha.

Wazee wetu walikutana na jambo la namna hiyo walipoiandika lugha yetu kwa herufi za Kiarabu zisizokuwa na pa wala cha. Waliongeza nukta, wakaazima herufi za Kiajemi, wakatunga tenzi zao.

Leo kanzu na kofia zetu za kudarizi hazimo. Atakayetaka kuziombea ajue kwamba hawaulizi uzuri wa darizi, wala siku mshonaji alizokaa juu ya kofia moja. Mwongozo wao humtaka mwombaji aonyeshe neno lake hutafutwa kwa kiasi gani katika intaneti, tena alilinganishe na neno la Kiingereza la ndovu. Kofia ya Lamu, basi, itabidi ishindane na ndovu, na mizani yenyewe ni ya watu wenye kompyuta.