Kutoka MP3 hadi CD ya Sauti: Maneno ya Amani Yafike Redio Ndogo

Katika kazi yetu mashariki ya Kongo tunarekodi mazungumzo ya wanavijiji: wakulima na wafugaji, waliokimbia vita na waliobaki, vijana walioacha silaha na wazazi wao. Mazungumzo hayo tunayahifadhi kwa mfumo wa MP3, kwa sababu faili zake ni ndogo na hutumwa kwa urahisi. Lakini baadhi ya redio za jamii bado zinatumia mashine za CD za zamani ambazo hazitambui MP3. Ukiweka CD yenye faili hizo, mashine inakaa kimya, na kijiji hakisikii kitu. Hapa tunaeleza namna ya kuzigeuza.

Tofauti iko wapi?

MP3 ni sauti iliyobanwa: sehemu ambazo sikio halizisikii vizuri zimetupwa. WAV, mfumo wa tangu mwaka 1991, kwa kawaida haibani sauti. CD ya sauti, ambayo kampuni za Philips na Sony ziliiwekea kanuni mwaka 1980, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16, kwa stirio. Kwa hiyo kipindi cha saa moja cha MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, chenye megabaiti 58 hivi, kikigeuzwa kuwa WAV ya kiwango hicho kinafikia megabaiti 635 hivi. Hakikisheni kompyuta ina nafasi ya kutosha.

Kugeuza hakurudishi kilichotupwa. Rekodi yenye kelele za upepo itabaki na kelele zake.

Hatua za kufuata

1. Fungueni faili ya MP3 katika programu ya bure ya Audacity. Sikilizeni mwanzo, katikati na mwisho.
2. Wekeni kipimo cha 44,100, kisha toeni faili kama WAV ya biti 16, kwa stirio.
3. Katika programu ya kuchoma CD, chagueni CD ya sauti. Mkichagua CD ya data, mashine ya zamani haitaicheza.
4. Tumieni CD ya kuandikwa mara moja. Zile zinazofutika na kuandikwa tena mara nyingi hukataliwa na mashine za zamani.
5. Chomeni kwa mwendo wa polepole, na mwishoni ifungeni CD. Isipofungwa, huenda isisomeke.
6. Ijaribuni kwenye mashine ya zamani kabla ya kuituma. Kusikika kwenye kompyuta hakutoshi.

Msikate jibu

CD ya kawaida inabeba dakika 80, nyingine 74. Mazungumzo ya saa mbili yanahitaji CD mbili, na hapo ndipo hatari ilipo. Tuseme mfugaji analalamika kwamba ng'ombe wake walikatwa mapanga, na mkulima anajibu kwamba shamba lake lililiwa lote. Lalamiko likiwa mwisho wa CD ya kwanza na jibu mwanzo wa ya pili, fundi akiishiwa na umeme au muda, wasikilizaji wataondoka na upande mmoja tu. Katika eneo lenye majeraha, nusu ya mazungumzo yaweza kuwasha moto ambao mazungumzo kamili yangeuzima.

Kwa hiyo tunashauri: lalamiko na jibu lake vikae katika wimbo mmoja wa CD, visitenganishwe kwa namba. Gaweni CD mahali ambapo hoja imekwisha. Juu ya kila CD andikeni kichwa, lugha, urefu, tarehe ya kurekodi, na kama kuna CD nyingine inayofuata. Mkabidhini mtangazaji zote pamoja, na kubalianeni naye saa za kuzicheza.

Faili ya MP3 ya mwanzo msiifute. CD ikikwaruzika, mtachoma nyingine.