Je, Wajua? Mashujaa 200 katika jalada moja

Jalada la toleo la tatu la katuni ya JLA/Avengers lina mashujaa zaidi ya 200, na kila mmoja ana sura yake. Lilichorwa na Mmarekani George Pérez, aliyependa picha za umati ambazo wachoraji wengi huzikwepa. Tazama mikono, vinyago, namna ya kusimama: hakuna aliyewekwa kujaza nafasi tu. Hapo ndipo penye raha. Jicho humtafuta mmoja unayempenda, na likimpata hugundua wengine kumi.

Pérez alianza kuichora hadithi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wachapishaji wake, Marvel na DC, hawakuelewana, mradi ukafa kurasa 21 zikiwa zimeshachorwa. Ulifufuka mwaka 2003.

Umati haukuwa wa Pérez peke yake: mwaka 1991, mchoraji Jim Lee aligawa picha ya katuni ya X-Men namba 1 katika majalada manne. Ukiyapanga ubavu kwa ubavu, kundi zima linakamilika. Maduka yaliagiza nakala zaidi ya milioni 8!

Na jalada la kundi si lazima liwe la vita: kundi la kwanza la mashujaa wa katuni, Justice Society, lilijitokeza mwaka 1940. Katika jalada lao hawapigani; wameketi mezani.