Neno 'succumb': lini ni kushindwa, lini ni kifo?

Chukua mfano huu. Ni saa mbili usiku. Kijana wa familia moja amepata ajali ya bodaboda mchana na kukimbizwa hospitali ya mjini, mbali na kwao. Nyumbani wanasubiri habari. Simu ya mama inalia. Ni ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kutoka kwa mtu aliyeko mjini, nao umeandikwa kwa Kiingereza: "He has succumbed to his injuries."

Mama anampa simu binti yake anayesoma kidato cha pili. Binti anafungua kamusi ya kwenye simu, anatafuta neno "succumb" na kukuta maana ya kwanza: kushindwa, kuzidiwa. Anamwambia, "Mama, wanasema kaka amezidiwa na majeraha." Mama anafunga shuka na blanketi, anapika uji na kuutia kwenye chupa, anakopa nauli kwa jirani, na alfajiri anapanda gari la kwanza. Anapofika hospitali, anaelekezwa chumba cha kuhifadhia maiti.

Binti hakudanganya, na kamusi haikukosea. Tatizo ni kwamba neno hili lina maana mbili, na ile inayotumika zaidi kwenye habari za ajali na ugonjwa ndiyo ambayo wengi hawaijui. Neno lenyewe halikosekani kwenye magazeti ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na kwenye jumbe tunazotumiana kila siku. Kwa hiyo ni vizuri kulifahamu.

Linatamkwaje, na limetoka wapi?

Hutamkwa "sa-KAM". Herufi b ya mwisho huandikwa tu, haitamkwi, kama ilivyo kwenye maneno "climb" na "lamb". Likiwa katika wakati uliopita huandikwa "succumbed", na redioni utasikia "sa-KAMD".

Asili yake ni Kilatini. Sehemu ya kwanza ina maana ya "chini ya", na ya pili ina maana ya "kulala". Ukiyaunganisha, unapata picha ya mtu aliyebeba mzigo mzito, akajikaza kadiri ya uwezo wake, mwishowe akalala chini yake. Picha hiyo inasaidia kuelewa maana zote mbili: palikuwa na nguvu fulani, mtu akapambana nayo, na ile nguvu ikashinda.

Maana ya kwanza: kushindwa kuhimili

Hapa mtu bado yuko hai. Ameshindwa kuendelea kukataa au kujizuia. "He succumbed to pressure" maana yake alikubali baada ya kushinikizwa. "She succumbed to temptation" maana yake alishindwa na kishawishi. Mzee aliyeapa kutouza shamba, kisha akaliuza kwa sababu wanawe hawakumpa raha, Mwingereza anaweza kusema kuwa "succumbed".

Maana ya pili: kufa

Hapa mtu ameugua au ameumia, akahangaika kwa muda, kisha akafa. "He succumbed to his injuries" maana yake amefariki kutokana na majeraha. "She succumbed to cancer" maana yake amefariki kwa saratani. Baba wa Taifa la Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 akiugua saratani ya damu. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuandika kwamba "succumbed to leukaemia", na hakuna atakayedhani kuwa Mwalimu alilegeza msimamo.

Neno hili hutumika hasa pale ambapo kuna muda kati ya kuumia na kufa. Mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alichomwa moto katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya tarehe 1 Septemba 2024, akafariki hospitalini Eldoret tarehe 5. Kwa siku hizo nne alikuwa akipigania maisha yake, na hapo ndipo neno hili linapofaa. Lakini bingwa wa marathoni wa Kenya, Kelvin Kiptum, na kocha wake Gervais Hakizimana wa Rwanda walifariki papo hapo katika ajali ya gari tarehe 11 Februari 2024. Katika habari kama hiyo, mwandishi makini huandika "died on the spot" au "were killed".

Si watu tu. Mfugaji anaweza kusoma tangazo kwamba kuku katika eneo fulani "have succumbed to Newcastle disease". Hapo wanasema kuku wamekufa kwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Anayedhani kuku hao ni wagonjwa tu anaweza kuchelewa kuwachanja wa kwake.

Kiswahili chetu kinavyoweza kutupoteza

Rudi kwa yule binti. Alichagua neno "amezidiwa". Kwa Kiswahili, mgonjwa aliyezidiwa yuko hai: hali yake imekuwa mbaya, apelekwe hospitali haraka, ndugu waitwe. Kwa hiyo tafsiri iliyoonekana kuwa sahihi ilimfufua mtu aliyekwisha kufa, ikampa mama usiku mmoja wa matumaini yasiyokuwepo.

Tusiwashangae Waingereza kwa kuficha kifo ndani ya neno jingine. Sisi nasi tunasema "ametutoka" au "ametangulia mbele ya haki". Mgeni anayejifunza Kiswahili akisoma kuwa babu "ametutoka", anaweza kuuliza atarudi lini. Kila lugha ina tafsida zake kuhusu kifo, na kamusi fupi za kwenye simu mara nyingi hazizielezi.

Utajuaje ni maana ipi?

Angalia neno linalokuja baada ya "to". Ukiona "injuries" au "wounds" (majeraha), "burns" (majeraha ya moto), "cancer" au jina la ugonjwa mkubwa, habari hiyo ni ya kifo. Ukiona "pressure" (shinikizo), "temptation" (kishawishi), "demands" (madai) au "fear" (hofu), mtu yuko hai ila ameshindwa kuhimili.

Kuna mambo mengine matatu ya kukumbuka.

Kwanza, neno likisimama peke yake kwenye habari ya ajali, kwa mfano "he succumbed on the way to hospital", maana yake amefariki njiani.

Pili, usilichanganye na "sustained injuries". Hilo lina maana ya "alipata majeraha", na halisemi kuwa amekufa. Watu wawili wanaweza kutajwa katika sentensi moja, mmoja "sustained injuries" na mwingine "succumbed to injuries". Wa kwanza mtamtembelea wodini. Wa pili mtamzika.

Tatu, likitumika na ugonjwa mdogo kama mafua, linaweza kumaanisha tu kwamba mtu ameugua. Mchezaji aliye "succumbed to a cold" huenda yuko kitandani akinywa chai ya tangawizi.

Ukitaka kulitumia mwenyewe, usiandike "succumbed to death". Mtu hushindwa na ugonjwa au jeraha, na kifo ndiyo matokeo yake. Wala usiseme "he was succumbed". Sema "he succumbed".

Tofauti yake na maneno ya jirani

"Surrender" ni kusalimu amri: mtu anaamua kuacha mapigano na kujikabidhi. Jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, aliyepigana Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Yeye "surrendered", kwa sababu alikabidhi silaha akiwa bado na askari wake.

"Concede" ni kukiri kuwa umeshindwa. Rais Goodluck Jonathan wa Nigeria alipompigia simu Muhammadu Buhari tarehe 31 Machi 2015 na kumpongeza kwa ushindi, alikuwa "conceded". Katika mpira, "concede a goal" ni kufungwa goli.

"Give in" ndilo la mazungumzo ya kawaida. Mtoto akilia dukani mpaka ukamnunulia peremende, ume-"give in".

"Succumb" ni zito kuliko yote hayo, kwa sababu linadokeza udhaifu au kuzidiwa nguvu. Kwa hiyo katika habari za siasa lisome kwa uangalifu. Tarehe 26 Juni 2024, Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kwamba hatatia saini Muswada wa Fedha, siku moja baada ya maandamano makubwa ya vijana. Anayemuunga mkono atasema kuwa rais aliwasikiliza wananchi. Anayempinga atasema "he succumbed to pressure". Tukio ni lilelile. Neno lililochaguliwa linakuonyesha mwandishi amesimama upande gani.

Ufanye nini ujumbe ukiingia?

Ukisoma neno hili kuhusu ndugu au jirani yako, usitangaze msiba, na usifungashe uji wa mgonjwa pia. Piga simu kwanza. Uliza kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani: "Yuko hai?" Ni swali gumu kulitamka, lakini jibu lake halina maana mbili. Kama ujumbe umesambazwa kutoka kundi jingine, mtafute aliyeko hospitalini, kwa sababu huenda hata aliyeusambaza hakuuelewa.

Na kama wewe ndiye unayepeleka habari, kumbuka desturi zetu. Habari ya msiba hupelekwa na mtu mzima, kwa sauti yake, kwa mtu aliyeandaliwa kuipokea. Siku hizi umbali umetulazimisha kutumia simu, lakini simu hiyohiyo inaweza kumpigia mjomba au mzee wa ukoo akaenda kuketi na mama kabla hajaambiwa. Baada ya hapo maneno mawili ya Kiswahili, "amefariki dunia", yanatosha. Hayahitaji kamusi.