Mwenzi wa Chomboni

Kusi linapovuma na bahari kuchafuka, mvuvi wa Lamu humpima mwenziwe kwa mambo matatu. La kwanza, hufua maji chomboni kabla ya kuambiwa. La pili, aonapo wingu zito husema turudi, hata ikiwa madema hayajainuliwa. Samaki wa kesho wapo, roho ni moja. La tatu hudhihirika pwani, wakati wa mgao: sehemu ya chombo, ya nahodha na ya mabaharia hutolewa hadharani, bila samaki kufichwa kikapuni.

Kazi ya mikono hufunzwa baharini. Uaminifu hutoka nao mtu nyumbani. Basi mzazi, mwanao atakapo kwenda kuvua, kabla ya kuuliza chombo ni cha nani, uliza anakwenda na nani.