Mkandarasi mdogo: ni mwajiriwa au mfanyabiashara?

Katika ujenzi wa majumba, mkandarasi mkuu huigawa kazi: huyu rangi, yule mabomba, mwingine umeme. Wote huitwa wakandarasi wadogo. Siku fundi mmoja anapoanguka kutoka juu ya jukwaa, na mkewe akaenda kuuliza haki, hujibiwa kuwa mumewe hakuwa mwajiriwa. Je, jibu hilo lasimama mbele ya sheria?

Wanazuoni wa fiq-hi waliligusa jambo hili zamani katika mlango wa ijara. Ajiri khaswi ni yule aliyejikodisha kwa mtu mmoja kwa muda maalumu. Hustahiki ujira kwa kuhudhuria na kuwa tayari kwa kazi. Ajiri mushtarak, mfano wa mshona nguo, hupokea kazi za watu wengi, na hustahiki ujira kwa kuikamilisha kazi.

Sheria za Tanzania Bara zinapita njia inayokaribiana na hiyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiriwa si mwenye mkataba wa ajira peke yake. Yumo pia aliyejifunga kufanya kazi kwa nafsi yake, ikiwa anayemfanyia si mteja wa biashara au taaluma yake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo imetaja dalili 7: namna ya kufanya kazi kuongozwa na mwingine; saa zake kupangwa na mwingine; kuwa sehemu ya taasisi; kumfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita; kumtegemea kiuchumi; kupewa naye vitendea kazi; au kumtumikia yeye peke yake. Ikipatikana hata dalili moja, mtu huyo huchukuliwa kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba utakavyoitwa, mpaka kinyume chake kithibitishwe.

Basi fundi anayefika kazini kwa saa alizopangiwa na kutumia ngazi za kampuni ana hoja nzito, hata kama karatasi yamwita mkandarasi. Ama mwenye vifaa vyake, anayetaja bei yake, kubeba hasara yake na kuajiri vibarua, huyo ni mfanyabiashara; na haki za vibarua hao zimo shingoni mwake.

Juu ya tofauti hii husimama likizo ya siku 28 kwa mwaka, michango ya hifadhi ya jamii, fidia ya kuumia kazini na kinga dhidi ya kuachishwa kazi bila haki. Madai ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Familia na zihifadhi mikataba, stakabadhi za malipo na majina ya mashahidi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005.

Kwa waajiri, tunakumbusha kanuni ya wanazuoni kwamba mikataba hupimwa kwa makusudio na maana, si kwa matamshi tu. Kubadili jina la mtu katika karatasi hakumwondolei haki yake hapa duniani, wala hakutatuokoa sisi Siku ya Hesabu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa watimizao ahadi. Amin.