Kwa Gari Moshi Hadi Ziwani: Safari Fupi ya Familia Kupitia Nyanda za Juu

Watoto wetu wamelelewa na bahari, na wengi wao hawajapata kuona pumzi ya mtu ikitoka kinywani kama moshi kwa sababu ya baridi. Picha za vijiji vya milima ya Uswisi, na vigari moshi vyekundu vikipanda kati ya theluji na majani mabichi, wanaziona kila siku kwenye simu, nao hutuuliza ni lini tutawapeleka. Jawabu letu ni kwamba milima tunayo, na reli tunayo, tena reli hiyo ilianzia hapa kwetu Mombasa mwaka 1896. Waswisi walifungua kituo chao mashuhuri cha Jungfraujoch, kilicho juu mita 3,454, mwaka 1912. Kufikia Desemba 1901 reli yetu ilikuwa imekwisha kuvuka kilele cha Mau, kadiri ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na kuteremka hadi ukingo wa Ziwa Viktoria. Kituo cha mwisho kiliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Mji huo ndio Kisumu ya leo.

Lakini si mandhari peke yake yaliyotufanya tuandike. Wako kina mama miongoni mwetu ambao binti zao wameolewa Kisumu au Mumias, au wanasoma Maseno, na mpaka leo hawajaiona nyumba anayolala mtoto wao. Sababu hutajwa kuwa ni umbali na gharama. Tumekaa tukaipanga safari hii siku kwa siku, nayo tumeona yawezekana kati ya Alhamisi na Jumatatu, kwa familia isiyo tajiri.

Tuanze na gari lenyewe. Gari moshi la abiria la Nairobi hadi Kisumu, linalotumia reli ya zamani, lilirejeshwa Desemba 2021 baada ya kusimama miaka mingi. Ratiba iliyotangazwa ni kuondoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni na kufika Kisumu Jumamosi asubuhi. Kurudi ni Jumapili, saa hiyo hiyo ya jioni. Nauli lilipoanza ilikuwa shilingi 600 daraja la kawaida na 2,000 daraja la kwanza. Mvua kubwa zikiharibu njia gari huweza kusimamishwa, kwa hiyo ulizeni stesheni kabla ya kufunga mizigo. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni treni ya SGR kutoka Miritini, ambayo tangu Januari 2024 nauli yake ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Ikishusha abiria Syokimau, liko gari jingine la kuwaunganisha hadi stesheni kuu ya mjini, na huko ndiko la Kisumu linakoondokea.

Hapa ndipo mpango wa wengi unapoharibika. Mtu huona treni ya saa mbili asubuhi siku ya Ijumaa, inayofika Nairobi mchana, akasema hii ndiyo, jioni nitaunganisha. Kwa kina baba haifai. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwanamume ambaye Ijumaa imemlazimu hana ruhusa ya kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo ikiwa safari itamkosesha sala ya Ijumaa. Basi ondokeni Alhamisi. Iko treni ya usiku wa saa nne, inayofika Nairobi kabla ya alfajiri, lakini kumkokota mtoto mwenye usingizi Syokimau saa tisa usiku ni adhabu tusiyomtakia yeyote. Sisi tunaipendelea ile ya Alhamisi saa tisa alasiri. Mnalala kwa jamaa Eastleigh au South C, Ijumaa kina baba wanasali Msikiti wa Jamia mjini, kina mama wananunua mikate na maji, na jioni mko stesheni kwa utulivu. Na tukisema kina baba tunakusudia pia kwamba mwanamke asafiri na maharimu wake. Aliye peke yake na ana dharura amuulize sheikh wake.

Magharibi huingia gari likiwa ndio linaondoka au limekwisha kuondoka. Msafiri ana ruhusa ya kuikusanya na Isha, Magharibi rakaa tatu kama kawaida na Isha mbili, hata akaichelewesha mpaka wakati wa Isha. Alfajiri haina wa kukusanywa naye, na siku nyingi itawakuta bado mmo ndani ya behewa. Wekeni kengele ya simu mapema. Tieni udhu kwa chupa yenu ya maji, kwa kuwa tangi la behewa huweza kukauka kabla ya kucha. Kibla cha Mombasa ni kaskazini karibu moja kwa moja, na cha Kisumu huinamia mashariki kidogo; lakini milimani reli hujipinda sana, kwa hiyo dira iwe mkononi, na gari likisimama stesheni, hiyo ndiyo fursa.

Sasa jambo ambalo matangazo hayalisemi: gari hili husafiri usiku. Bonde la Ufa, Naivasha, Nakuru, Njoro, Molo, Londiani, vijiji vyote vile tulivyowaahidi watoto hupitwa gizani, na mtakaloona dirishani ni nyuso zenu wenyewe. Kwenda, hilo tulikubali. Asubuhi ndiyo yenye neema yake. Baada ya Fort Ternan, mahali ambapo Louis Leakey alichimbua mabaki ya kiumbe wa kale mwanzoni mwa miaka ya 1960, reli inateremka kupitia Koru na Muhoroni na kuingia tambarare ya miwa ya Chemelil na Miwani. Kaeni upande wa kulia. Ukuta wa milima ya Nandi husimama kaskazini, na mwanga ukianza kuugusa, watoto hawatauliza tena habari za Uswisi.

Kurudi, tunashauri muiache treni ya Jumapili na mpande basi au matatu ya asubuhi. Barabara hupanda kutoka Ahero hadi Kericho katikati ya mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia, ikapita Londiani na kilele cha Mau hadi Nakuru, yaani milima ile ile mliyoivuka usiku, safari hii mkiwa na macho. Mlale Nairobi, Jumatatu treni ya asubuhi iwarudishe Pwani.

Baridi isichukuliwe mzaha. Usiku wa Molo huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na buibui juu ya dera halitoshi. Chukueni sweta, soksi, shali na blanketi moja kwa kila watoto wawili. Lakini kwa nyumba zenye mtoto wa selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu twauita sikoseli, neno hili ni zito kuliko sweta. Juu milimani hewa ina oksijeni kidogo, baridi hubana mishipa, na mtoto asiyekunywa maji ya kutosha damu yake hukwama kwa wepesi. Yote matatu huweza kuamsha maumivu makali, na hospitali iwe mbali gizani. Sisi hatusemi mtoto huyo aachwe nyumbani. Tunasema daktari wake aulizwe kabla ya tikiti kununuliwa, si baada. Akiruhusu, mtoto avikwe mapema kabla hajatetemeka, anyweshwe maji njia nzima hata kama choo cha behewa kinatuchukiza, na dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mama, si ndani ya sanduku chini ya viti.

Kando ya ziwa yako mawili mengine. Eneo hilo linaongoza nchini kwa malaria, kwa hiyo chandarua kiende hata mkiwa wageni wa mtu. Na maji ya ufukweni yana kichocho: watoto wetu wakiona maji huvua viatu bila kuuliza, basi wakatazwe tangu ndani ya gari. Ziwa si Nyali.

Chakula cha njiani kipikwe nyumbani: mahamri, katlesi, viazi karai, mayai ya kuchemsha na chupa mbili za chai. Mkiwa Kisumu shaka ya nyama huondolewa na samaki. Ngege wa kukaanga kwa ugali, mlo mliozoea kuusikia kwa jina tu, huliwa Dunga, kijiji cha wavuvi kando ya mafunjo, umbali mfupi kutoka mjini. Sangara, ambaye wenyeji humwita mbuta, ni mnono mno kwa ladha yetu, ila wako watakaobisha. Mkipanda mashua, msikubali kuondoka kabla kila mtoto hajavikwa jaketi la kuokolea.

Jumamosi moja yatosha. Makumbusho ya Kisumu yana boma la Kiluo lililojengwa kama lilivyokuwa zamani, na watoto hupenda nyoka na samaki wake. Bandarini ulizeni habari za MV Uhuru, meli ya tangu 1966 iliyojengwa kubeba mabehewa ya gari moshi na kuyavusha ziwa. Sala ya jamaa iko Msikiti wa Jamia mjini, na Kibos, stesheni ya mwisho kabla ya mji, wanakaa Wanubi, ndugu zetu katika dini waliokita mizizi hapo tangu enzi za wakoloni. Mwenye binti Maseno atapata matatu. Ni mwendo wa kiasi cha kilomita 25, na mstari wa ikweta hupita hapo hapo. Jifunzeni neno moja kabla hamjafika: erokamano, yaani ahsante. Mama muuza samaki akilisikia kutoka kwa mtoto aliyevaa kanzu, bei hulegea.

Kabla ya kuondoka Jumapili, piteni soko la Kibuye mchukue omena wakavu, hao dagaa wadogo wa ziwani. Wafungeni kwa karatasi, kisha mfuko mzito, kisha mfuko mwingine juu yake, maana harufu yake itawatangulia Miritini.