Kati ya Mtungi na Tangi

Mtu anunuapo gari-nyumba katika nchi za Ulaya, yaani lile gari lililotiwa kitanda, jiko, choo na tangi la maji ili mwenyewe apate kusafiri na kulala humo humo, aghalabu hukagua kwanza makabati, mapazia na upana wa kitanda, na habari ya hita huiacha nyuma kabisa. Ilhali ni hita hiyo itakayomwamsha saa tisa ya usiku katika mwezi wa Januari, kwa kuzimika. Naandika haya kwa ajili ya wenzetu waliohamia Ujerumani, Uswidi na Uholanzi, kadhalika kwa yeyote ambaye ameyaona magari ya wageni yenye namba za Ulaya yakipita Arusha au Nanyuki, akajiuliza watu hao kwao hulalaje theluji inapoanguka.

Gari la kawaida la namna hii limejengwa juu ya Fiat Ducato au mfano wake, injini yake ni ya dizeli, na ubavuni mwake mna kabati la mitungi ya gesi ya kupikia. Kwa hiyo fueli zote mbili zimo garini tayari tangu siku ya kwanza, na swali linalobaki ni ipi ichomwe kwa ajili ya joto. Wauzaji hupenda kulijibu kwa kulinganisha nguvu za mashine. Rai yangu ni kwamba hukumu ya jambo hili haitoki katika mashine, maana hita za siku hizi za pande zote mbili hupasha vyema. Hutoka katika njia utakayopita, na mahali utakapojaza tena kilichokwisha.

Upande wa gesi jina litajwalo kwanza ni Truma, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1949 na Philipp Kreis. Hita yao iitwayo Combi hupasha hewa na maji kwa pamoja: ndani yake mna chumba cha moto kilichozibwa barabara, ambacho huvuta hewa yake kutoka nje na kuutoa moshi wake nje, na kukizunguka chumba hicho pana hodhi ndogo ya lita 10 za maji ya kuogea, kisha feni huisukuma hewa yenye joto katika mabomba yaliyopitishwa chini ya makabati mpaka miguuni pa kitanda. Ile yenye kilowati 6 hutumia gramu 160 za gesi kwa saa ikishushwa, na gramu 480 ikifunguliwa yote. Huwaka kwa upole, haina harufu, haiachi masizi, na umeme inaotaka ni kidogo. Kama mambo yangeishia hapo, makala haya yasingekuwa na haja ya kuendelea.

Lakini gesi ya mtungini ni kimiminiko, nayo haiufikii moto mpaka ichemke iwe mvuke. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani huchemka karibu na sifuri yenyewe, nusu nyuzi tu chini yake. Gesi tunayopikia pwani yetu ni mchanganyiko ambao butani ndiyo nyingi, wala haitutaabishi, kwa sababu Mombasa na Dar es Salaam hazijawahi kuzijua nyuzi hizo. Ila mtungi wa namna hiyo ukiulaza nje huko Lapland utaushika asubuhi ukiwa mzito mkononi, uutikise na kusikia kimiminiko kikicheza ndani, uzungushe koki mpaka mwisho, na moto usiwake. Balaa hili huwapata hasa wale waliojaza kusini na kupanda milimani. Mtungi wa rangi ya chungwa unaouzwa Hispania, wa kilo 12.5, ni wa butani. Na hata penye mchanganyiko wa zote mbili, propani ndiyo itanguliayo kutoka, butani ikabaki chini, hivyo hita ikawaka vizuri jioni, watu wakalala kwa furaha, na karibu na alfajiri moto ukaanza kupungua ilhali mzani unaonyesha kwamba mtungi haujamalizika. Mwenye kusafiri wakati wa baridi hana budi kuulizia propani tupu.

Hesabu yake nayo ni nyepesi. Kilo moja ya propani ina kilowati-saa 12.8 hivi, na lita moja ya dizeli ina karibu 10; basi mtungi wa Kijerumani wa kilo 11 ni sawa na lita 14 za dizeli. Hita ya kilowati 6 ikifunguliwa yote huumaliza mtungi huo kwa saa 23, na ikiwa inafanya kazi nusu, kama inavyokuwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, mtungi utadumu siku mbili hivi. Magari mengi hubeba mitungi miwili. Siku nne zikiisha, msafiri atafute duka, na hapo ndipo taabu ianzapo, maana Ulaya imeungana katika mambo mengi, lakini si katika kichwa cha mtungi: ule wa kijivu wa Ujerumani haubadilishwi Norwei wala Hispania, na msafiri hujikuta akibeba kifuko kizima cha vichwa vya shaba vya kuungia, huku akiwauliza watu ni kituo gani kitakubali kumjazia. Msomaji aliyehama Nairobi na mtungi wake wa kilo 13, akafika Arusha na kukuta watu wanatumia wa kilo 15, haitaji kuelezwa zaidi.

Tangi la Ducato huchukua kati ya lita 60 na 90, na dizeli yapatikana kila kituo, hata usiku wa manane. Hii ndiyo hoja kubwa ya wapenda dizeli, nami naikubali bila shaka. Hita zao zilizoea kwanza kabini za malori, ambamo dereva hulala njiani akingoja kupakua. Majina makuu ni Eberspächer wa Esslingen na Webasto, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1901 na Wilhelm Baier. Pampu ndogo iliyofungwa chini ya gari huivuta dizeli tone kwa tone, plagi yenye kuwaka nyekundu huyageuza matone hayo kuwa moto, na feni hufanya iliyobaki. Hita ya hewa ya kilowati 2, inayotosha gari dogo, hunywa desilita moja kwa saa moto ukiwa chini, na haifiki desilita tatu moto ukiwa juu, hata usiku mrefu wa saa kumi haumalizi lita tatu. Truma wenyewe hutengeneza Combi ya dizeli ipashayo na maji, nayo hutumia kati ya mililita 220 na 630 kwa saa.

Aibu zake ni kadha wa kadha. Pampu hugonga usiku kucha chini ya sakafu, na asiyezoea huisikia kila pigo. Dakika za kwanza za kuwaka hutoa moshi na harufu ambavyo jirani wa kambini hatakushukuru kwavyo. Kubwa kuliko hizo ni masizi. Moto wa dizeli hupenda kuwaka kwa nguvu, na mwenye kuiacha hita ijikokote chini siku baada ya siku huikuta imejaa weusi ndani, ikakohoa, kisha ikakataa. Kadhalika mahali pa juu: kupita mita 1500 hewa huwa nyepesi, pampu ikaendelea kumimina kipimo kile kile cha dizeli, na mafuta yasiyopata hewa ya kutosha huishia kuwa masizi, isipokuwa hita imefungwa kifaa cha kurekebisha kipimo hicho. Kejeli ya mambo ni kwamba mji wa Livigno huko Italia, ambao hautozwi ushuru na ambao wenye magari huuendea kwa ajili ya dizeli yake ya bei nafuu, uko juu ya mita 1800. Na wale wageni wanaovuka Afrika wakaja kulala ukingoni mwa Ngorongoro, kwenye mita zaidi ya 2200 na baridi ya kutetemesha, nao yawapasa wawe wamelifikiri jambo hili kabla ya kuondoka kwao.

Dizeli nayo ina baridi yake. Nta iliyomo ndani yake huganda na kuziba kichujio, kwa hiyo Ujerumani huuzwa dizeli ya majira ya baridi, kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Februari, inayopita katika kichujio mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Nchi za Aktiki zina daraja zinazofika nyuzi 44. Asiyejua huondoka kusini na tangi lililojaa, akafurahia bei aliyoipata, akapanda mlima usiku huo huo. Hapo hupoteza hita na injini kwa pamoja. Jingine ambalo wauzaji hawalisemi: bomba la hita la kunyonyea halifiki chini ya tangi, kwa makusudi, ili hita ikate kabla injini haijakosa mafuta ya kukutoa porini. Ni busara ya wahandisi, lakini maana yake ni kwamba mwenye kuegesha gari na tangi likielekea ukingoni atalala na baridi ilhali lita kadhaa zimo.

Sasa nije kwenye betri, ambayo kwa maoni yangu huwazimia watu hita zao mara nyingi kuliko ukosefu wa fueli. Hita ya dizeli ikiwaka hutaka ampea nane au kumi au zaidi kwa dakika chache, ili kuipasha ile plagi. Baada ya hapo hujituliza. Betri ya risasi iliyozeeka, ikiwa imelala kwenye baridi, ina sehemu tu ya nguvu zake, na ule mvuto wa mwanzo huushusha umeme wake hata hita ikaona hautoshi, ikakataa kuwaka. Mwenye gari hujaribu tena, na kila jaribio hunyonya tena. Hita ya gesi yenye feni nayo hutaka umeme, ila mwanzo wake si mkali hivyo, na ziko hita za Truma za mtindo wa zamani, zile za kusimama ukutani, ambazo huwaka bila feni kabisa. Na hita ya Combi ikizimika, iwe ya gesi au ya dizeli, kuna jambo litakalofuata: pale karibu na hodhi ya maji pana koki ndogo ambayo joto likishuka hadi nyuzi 3 hufunguka yenyewe na kumwaga maji yote nje, yasije yakagandia ndani na kuipasua. Asubuhi mwenyewe hukuta dimbwi lililoganda chini ya gari, akadhani bomba limepasuka. Halikupasuka, ameokolewa.

Kuhusu hadhari, zote mbili zikifungwa na fundi anayejua hazitii sumu ndani, kwa kuwa chumba cha moto kimetengwa na chumba cha watu. Hatari iko penye maungio ya ekzosi yaliyolegea, na penye theluji iliyoruhusiwa kuliziba tundu la moshi. Kwa hiyo king'ora cha monoksidi ya kaboni ni cha lazima, ya dizeli isikudanganye. Gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni, na yale matundu yaliyoachwa chini ya kabati la mitungi, ambayo wengine huyaziba kwa matambara wakikimbia upepo, ndiyo njia yake ya kutokea. Mwenye kutaka kupasha gari joto likiwa mwendoni, ikiwa gari ni la 2007 au baada yake, hana budi awe na regulata inayokata gesi yenyewe gari likigongwa. Na kwenye feri mitungi hufungwa. Ama kupasha gari kwa majiko ya kupikia, jambo hilo nalikataza moja kwa moja: ni kosa lile lile la jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ambalo limeua watu katika nyanda zetu za baridi, na fauka ya hayo kila kilo ya propani ikiungua humwaga hewani kilo moja na zaidi ya nusu ya maji, yakalowesha magodoro na kuta.

Basi mwenye kutoka nyumbani Ijumaa na kurudi Jumapili, akalala katika kambi zenye umeme wa kuchomeka, na achukue gesi, tena ile Combi yenye waya wa umeme ndani yake wa wati 1800, na mtungi mmoja utampitishia majuma mengi. Mwenye kwenda Norwei kwa mwezi mzima, au kuegesha porini milimani, au kuvuka mipaka ambayo mtungi wake hautambuliwi, na achukue dizeli, abaki na mtungi mdogo wa kupikia tu. Aliyenunua gari kuukuu lenye hita nzima ya gesi asiing'oe. Aongeze kando yake hita ndogo ya dizeli ya kilowati 2, kwa kuwa gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kubomoa. Hita rahisi za kutoka China sizikatai, ingawa mafundi wenzangu wengine huzibeza; kasoro yao aghalabu huwa katika ufungaji, hasa klampu ya ekzosi ambayo mnunuzi aliikaza kwa mkono tu akaahidi kuirudia.

Na aliyechagua dizeli aiwashe dakika kumi kila mwezi, hata Julai, moto ukiwa juu, ili mafuta yaliyolala ndani ya pampu yasigeuke gundi na plagi isishikwe na uchafu. Majirani watakaomwona akipasha gari joto katikati ya kiangazi, awaache waulize.